Eti kikundi cha vijana!

Jamani wana Mbeya wenzangu, hivi tumerogwa au? Diwani kaja kampeni na kandambili, kala kande na sisi gengeni, kabeba mpaka mtoto wa watu ana makamasi, tukasema huyu ndo mwenzetu. Leo orodha ya waliopata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, imevuja, kumbe mwenyekiti wa kikundi cha vijana ni shemeji yake, ana mvi mpaka kwenye nyusi! Kijana wa mwaka gani huyo? Mama zetu wanaouza parachichi Mwanjelwa wanaambiwa fomu zina kasoro, kasoro gani, kwamba diwani hajaoa kwao? Na jana diwani kapita na gari kafunga vioo, anatupigia honi eti tumpishe. Tumpishe aende wapi tena huyu?