Pointi 1.5 na binti wa Kotido

Pointi 1.5 zimewagombanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma Uganda kwa zaidi ya miaka 30. Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi hizo wakati wa udahili katika mwaka wa masomo wa 1990/91, wakati hawakufika hata theluthi ya wanafunzi wote. Leo wanakaribia nusu, na kila udahili ukitangazwa linaulizwa swali lilelile: mvulana aliyepata alama sawa na dada yake, kwa nini aachwe nje?

Swali hilo ni la haki. Kijana wa Amuru aliyesoma kwa taa ya mafuta hakumdhulumu msichana yeyote, na akikosa udaktari kwa pointi moja, uchungu wake ni wa kweli. Ila wengi wanaobishana hawajaifanya hesabu yenyewe. Kwenye UACE, mtihani wa kidato cha sita, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4. Chuo huzidisha mara 3 masomo mawili yaliyo muhimu zaidi kwa kozi, na la tatu mara 2. Kwa hiyo mwanafunzi akitoka C hadi B katika Kemia anapata pointi 3 zaidi. Zile 1.5 za msichana ni nusu ya hatua hiyo moja. Anayesema wasichana wanabebwa hadi darasani anatia chumvi.

Hesabu hiyohiyo inawabana pia watetezi wa mpango, nami ni mmojawapo. Binti wa Kotido, kule Karamoja kaskazini-mashariki mwa nchi, ambaye shule yake haina maabara haachwi na wenzake kwa nusu ya daraja. Anaachwa kwa madaraja matatu, manne. Binti wa shule ya bweni ya ada kubwa kule Wakiso ndiye aliye karibu na mstari wa udahili, na ndiye nyongeza hiyo inamvusha. Wote wawili wanapewa kiasi kilekile.

Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilivizuia vyuo Juni 2023 kuzingatia rangi ya mwombaji, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Kwetu kuna jinsia, wilaya na ulemavu, na Katiba yenyewe, ibara ya 32, inaiagiza serikali kuwainua waliotengwa kwa sababu za jinsia, umri, ulemavu, historia, mila au desturi.

Mgawo wa wilaya ulianza 2005 kwa nia hiyo. Kati ya nafasi 4,000 zinazofadhiliwa na serikali kila mwaka, 896 zilitengwa kwa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Wilaya sasa zimepita 130, kwa hiyo kwa wastani kila moja inabaki na nafasi zisizofika 7. Na hata hizo, lawama iliyoandama mpango tangu mwanzo ni kwamba watoto waliolelewa Kampala na kusomea shule zenye majina walijaza fomu kwa wilaya ya babu. Mtoto aliyebaki kijijini akapambana nao tena, safari hii kwenye mlango uliofunguliwa kwa ajili yake.

Dawa inayotajwa ni kumtaka mwombaji awe amefanya mtihani katika wilaya husika. Naielewa, lakini nina wasiwasi nayo. Yuko mtoto wa Karamoja aliyepata mfadhili akapelekwa shule ya Mbale kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwalimu wa Fizikia. Sheria hiyo itamhesabu kama mtoto wa tajiri.

Wapo pia ambao wilaya haiwaoni kabisa. Batwa, jamii ya asili ya watu wa msituni, waliondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991, na Agosti 2021 Mahakama ya Kikatiba ikakubali kwamba hawakulipwa fidia stahiki. Mtwa wa Kisoro anagombea nafasi za Kisoro na jirani yake Mfumbira, ambaye ukoo wake una mashamba na walimu. Waik, kule mpakani na Kenya, wako katika hali hiyohiyo mbele ya majirani zao Wadodoth. Wilaya maskini nayo ina wakubwa na wadogo wake.

Kuingia chuoni nako si mwisho. Mkopo wa serikali ulioanza 2014 unalipa karo na ada za chuo. Chakula na hosteli mwanafunzi anajitafutia. Kwa aliyetoka Moroto akafika Wandegeya, mtaa wa Kampala jirani na Makerere, bila ndugu mjini, hapo ndipo masomo hukatika.

Mimi ningezibakiza pointi 1.5 katika kozi za sayansi na uhandisi, ambako wasichana bado ni wachache, kisha niongeze nyingine kwa yeyote, mvulana au msichana, aliyetoka katika shule duni. Jambo hilo linawezekana: namba ya mtahiniwa wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, huanza na namba ya shule, na baraza linajua kila shule imefaulisha wangapi. Watu wataniambia wazazi watawahamishia watoto shule dhaifu mwaka wa mwisho ili wapate nyongeza. Watajaribu, ndiyo. Basi chuo kiangalie pia alikofanyia mtihani wa kidato cha nne, na ule wa darasa la saba. Si rahisi mzazi wa Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, kumpeleka mwanawe Kaabong akiwa na miaka 12.