Eric Hakuwa na wa Kumhadithia

Juzi usiku nimeirudia Fade to Black, filamu ya kutisha ya Vernon Zimmerman ya mwaka 1980, na usingizi ukanipaa tena. Si kwa sababu ya damu. Kinachonitisha mimi ni chumba cha Eric Binford.

Eric, aliyeigizwa na Dennis Christopher, ni kijana wa Los Angeles, mfanyakazi wa ghala la filamu. Usiku huwasha projekta chumbani akaangalia picha za zamani peke yake. Anaishi na shangazi yake Stella, mwanamke wa kiti cha magurudumu, asiyechoka kumfokea. Baadaye twajua kumbe ndiye mama yake mzazi. Siku Stella anapoivunja ile projekta, Eric anamsukuma ngazini na kiti chake, kama alivyofanya mwigizaji Richard Widmark katika filamu ya Kiss of Death ya 1947. Kuanzia hapo anaua huku amevaa sura za wengine: Dracula mnyonya damu, kisha Hopalong Cassidy, yule cowboy wa picha za zamani. Anakuja kufia juu ya paa la jumba la sinema la Hollywood, maneno ya mwigizaji James Cagney yakiwa mdomoni mwake.

Ami yangu hapa Lamu angesema, si niliwaambia, picha zinaharibu watoto! Mimi nakataa. Sisi wa mtaa wa Langoni tulikulia kwenye kibanda cha video, tumebanana mkekani, tukimpigia kelele stelingi, "Nyuma yako!", kana kwamba anatusikia. Picha ikiisha ndipo shughuli yenyewe ilipoanza. Wenzetu waliokosa pesa walikuwa wakingoja barazani, na ilikuwa lazima wahadithiwe yote, pamoja na sauti za ngumi. Nami niliwahi kujifunga leso ya mama shingoni nikawa Dracula, nikaruka kutoka barazani nikateguka mguu. Mama alinikanda kwa mafuta ya simsim huku akiniuliza huyo Dracula ni nani hasa. Nikamhadithia hadi mwisho, naye akasikiliza.

Eric hakuulizwa hivyo hata siku moja. Kazini anajua kila kitu kuhusu sinema, na wenzake wanamcheka kwa hilo hilo. Kisha anatokea binti aliyeigizwa na Linda Kerridge, anayefanana na Marilyn Monroe. Anakubali kwenda naye sinema, halafu hatokei. Kijana anabaki akimsubiri. Kwangu hapo ndipo pa kutisha kuliko mauaji yote, na Zimmerman angekaa hapo zaidi badala ya kutukimbizia yule mtaalamu wa saikolojia wa polisi, ambaye kila akiingia hadithi inapoa.

Nayasema haya kwa kuwa chumba cha Eric nakiona kimefika kwetu. Mpwa wangu ana miaka 15. Anaangalia filamu kwenye simu, spika masikioni, mlango umerudishwa, hadi saa nane za usiku. Nyumbani wanataka anyang'anywe simu. Nikaikumbuka projekta ya Stella, nikawaomba wasubiri.

Jana baada ya Isha nilimwita barazani, nikamwambia, "Hebu nihadithie hiyo unayoiangalia." Alianza kwa neno moja moja, macho chini. Alipofika pale adui anapoingia, alikuwa ameshasimama.