Monita Iliyopata Homa ya Manjano

Ofisi moja ya mambo ya korosho mjini Mtwara iliamua kuuza monita zake za chogo, mjomba akaniwahia moja ya inchi 17 kwa elfu kumi na tano. Aliileta Mikindani kwa bajaji akiwa ameikumbatia, kioo kikitazama tumbo lake, na hapo alipatia bila kujua. Monita hizi zina kilo 16 na zaidi, na uzito karibu wote uko mbele, kwenye kioo. Ukiibeba kioo kikiwa nje inakuvuta, mnaanguka wote.

Dude la namna hiyo usilinunue kabla ya kuliwasha, tena liache liwake nusu saa. Likianza na giza kisha likapata nuru taratibu, bomba la picha limechoka. Fungua ukurasa mweupe mtupu, utafute makovu. Yetu ilikuwa nalo: miaka yote ilionyesha jedwali lile lile, ule unga unaong'aa nyuma ya kioo ukachakaa mahali pamoja, mpaka leo juu pale unasoma "JUMLA KILO". Ukicheza gemu ya Doom, ile ya mwaka 1993, mashetani yote yanapita chini ya maandishi hayo kama yamepanga foleni ya mizani.

Lakini kovu hilo unalivumilia, maana kwa gemu za DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, chogo haina mpinzani. Doom huchora pikseli 320 kwa 200. Kadi ya picha ya VGA hurudia kila mstari mara mbili, inakuwa mistari 400, mara 70 kwa sekunde; ukijumlisha na michache isiyoonekana ni kilohezi 31.5, yaani mistari 31,500 hivi kwa sekunde, na chogo inaipokea hivyo hivyo ilivyo. Flati ina pikseli zake za kudumu, kwa hiyo inalazimika kuinyoosha picha, na herufi zinatoka zimevimba.

PlayStation ya kwanza ni habari nyingine. Mpwa wangu alikuja nayo pamoja na waya wa buku tano, plagi tatu za rangi upande huu, VGA upande ule, ndani hamna kitu ila nyaya. PlayStation inatoa kilohezi 15 na ushei. Kibandiko nyuma ya monita kinasema 30 hadi 70. Monita ikakataa, mpwa akaipiga kofi. Kofi haliongezi kilohezi. Hapo panatakiwa kiboksi cha kubadili ishara, chenye umeme wake, au PlayStation irudi kwenye TV ya chogo inakotoka.

Balaa lenyewe lililetwa na mjomba, aliporudi na spika mbili kubwa za shughuli ya unyago akaziegesha ubavuni mwa monita, moja kila upande. Asubuhi kona ya kushoto kijani, ya kulia zambarau, na uso wa yule askari wa Doom kule chini umeiva manjano.

"Homa ya manjano hii," mjomba akatamka, na huku kwetu neno la mjomba halirudishwi.

Ndani ya chogo kuna miali mitatu ya elektroni, wa nyekundu, wa kijani na wa bluu, inayopita kwenye bati jembamba lenye matundu. Sumaku ya spika ikikaa karibu, bati nalo linakuwa sumaku, miali inapinda, kila mmoja unagonga rangi ya jirani yake. Spika nyingi za kompyuta za enzi za chogo zilikingwa. Za unyago nani azikinge? Na ukizitoa, bati linaweza kubaki na usumaku wake. Dawa ni koili iliyozungushwa kwenye bomba, ambayo hujiwasha kwa kishindo kila unapowasha monita, au unaiita kwenye menyu. Inategemea kipande kinachopata moto na kuufifisha mkondo; kisipopoa nusu saa hivi, koili haifanyi kazi ya maana. Mpwa aliibonyeza mfululizo, spika zikiwa bado pale pale.

Akaja kishoka wa jirani na bisibisi. Hapo nikasimama mlangoni. Nyuma ya chogo kuna volti kama 25,000, na bomba linaweza kubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Kishoka akaambiwa akafungue redio yake.

Mama mkubwa ndiye aliyemaliza ubishi. "Hilo lina mtu. Lizimeni, na hayo maspika yatoke, mtu hafukizwi kwenye makelele." Akaenda kuwasha mkaa wa ubani. Mkaa ulikuwa umenyeshewa, ukachukua nusu saa nzima kushika. Akaizunguka monita na chetezo, akasema, "Washa."

DUUUNG!

Kishoka alitokea dirishani. Mjomba alikanyaga chetezo, akatoka anaruka kwa mguu mmoja. Kioo kilipopata joto, picha ikaja safi, kijani hakuna, zambarau hakuna.

"Na hiyo JUMLA KILO?" mpwa akauliza.

"Hilo si jini, hilo deni la mtu."

Sasa Mikindani nzima inamletea TV za chogo zenye madoa. Masharti yake: spika ziondolewe, TV izimwe nusu saa, ndipo afukize, elfu mbili. Juzi mmoja akaja na flati yenye mstari katikati. Mama mkubwa akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akamrudishia.

"Nyembamba hii, mwanangu. Jini atakaa wapi?"