Sala Ndefu ya Kikaya

Shangazi yangu wa Mombasa alipokuja Kampala alitaka kuliona hekalu la dini ya Bahai, lile lenye kuba la kijani juu ya kilima cha Kikaya. Nikamwambia hayo ni matembezi ya kitoto: tunashuka teksi barabara ya Gayaza, tunapanda polepole, tumefika. Wenye boda walituita, nikawapungia mkono kwa dharau.

Njiani tukakuta mama anauza mafenesi. Nikanunua kipande cha shilingi elfu moja.

"Paka mafuta mikononi kwanza," shangazi akasema.

Mimi? Ninayekula fenesi tangu sijaota meno? Nikalichana kwa vidole vyote kumi.

Jamani, si bure watu hunasia ndege kwa ulimbo wa fenesi. Nikajifuta kwa majani, majani yakanigandia. Nikajifuta kwa udongo, nikawa na glavu nyekundu. Mlangoni mzee mmoja mwenye kanzu na koti akaninyoshea mkono. Nikampa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kulima.

Ndani, kimya. Hekalu hili lilifunguliwa 1961, la kwanza la Bahai barani Afrika, na lina pande tisa. Hakuna mahubiri wala kinanda: husomwa maandiko ya dini mbalimbali, kisha kwaya huimba kwa sauti tupu. Yaani ukikohoa, pande zote tisa zina habari. Basi ili nisichafue kiti cha watu, nikakutanisha viganja kifuani, kiungwana kabisa.

Vikashikana.

Kwaya ikamaliza, watu wakatoka. Mimi nimekaa palepale, nimeinamisha kichwa, navuta kidogokidogo. Kila nikivuta kinatoka kisauti: *nyaaa*. Jasho likaanza kunitiririka hadi kidevuni, na cha kulifutia sina. Yule mzee akanitazama kwa huruma, akamnong'oneza shangazi:

"Kijana ana jambo zito. Tumwache aseme na Mungu."

"Ni fenesi, baba," shangazi akasema.

Mzee akaziba mdomo, mabega yakawa yanacheza. Akatutoa nje, akapotea nyuma ya miti, akarudi na mafuta ya kupikia kwenye kikombe. Shangazi akanisugua pale kwenye nyasi kama anaosha sufuria, haharakishi, na kila anayepita anamsimulia upya.

Kushuka tulipanda boda. Nauli alilipa yeye. Mimi kila noti niliyoigusa iliniponyoka.