Mfungueni mtoto utepe huo

Jumatano iliyopita, kipindi cha tatu, nilimwita mwanafunzi wangu wa darasa la tano asome swali la hisabati nililoandika ubaoni. Mistari miwili tu: mvuvi wa Mwambani kauza theluthi ya samaki wake asubuhi na robo jioni, je, kabakiwa na sehemu gani? Kijana akasimama, akaushika utepe wa bluu aliofungwa kwenye kifungo cha shati, akaniambia kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, mimi ni wa masikio. Kusoma ni kwa wale wa macho."

Hakuwa anafanya utundu. Alilisema kama mtu anavyotaja ukoo wake. Wenzake hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana waliona kajibu sawa.

Tepe hizi zina mwezi mmoja. Zilikuja na semina ya siku mbili kuhusu mitindo ya kujifunza. Wawezeshaji walileta fomu, watoto wakajaza: unapenda mwalimu akueleze, akuonyeshe picha na maandishi, au akuache ushike mwenyewe? Wa macho wakapata utepe wa kijani, wa masikio bluu, wa mikono mwekundu. Sisi walimu tukaambiwa andalio la somo liwe na njia tatu, kila kundi na yake. Darasa langu lina watoto 84, na kiwango tunachotajiwa miaka yote ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Lakini wingi siyo ninaoulilia leo. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto walimiminika madarasani, na kuja kwao kulikuwa heri, hata kama madawati hayakuja nao.

Ninayemlilia ni yule wa utepe wa bluu.

Mapumziko ya saa nne nikamwita chini ya mti wa mkungu, nikafungua kitabu cha darasa la pili. Akaweka kidole chini ya neno "mvuvi". Akasema "m". Akanyamaza. Akautazama mtumbwi uliochorwa pembeni, akasema, "Mashua." Nikaifunika picha kwa kiganja, nikamwambia, "Haya mwanangu, taratibu." Midomo ikacheza bila sauti, jasho likamtoka puani, na kidole hakikusogea.

Mtoto huyu hajui kusoma. Basi. Miaka minne kaishi kwa masikio kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa. Anashika kila ninachosema, anakirudia neno kwa neno, anakaa karibu na rafiki anayemnong'oneza yaliyoandikwa. Hata ile fomu alisomewa na jirani yake. Alipoulizwa kama anapenda kuelezwa au kusoma, alichagua kama ambavyo angechagua mtu yeyote ambaye kila akifungua kitabu anaumbuka. Fomu ikachukua kidonda ikakiita kipaji.

Na sisi tuliokuwa na wajibu wa kukitibu tukapewa ruhusa ya kukizunguka. Tangu siku ya tepe hadi Jumatano ile nilikuwa sijamsomesha aya hata moja, wala mwalimu wa Kiswahili alikuwa hajamsomesha, kwa kuwa andalio lilisema kundi la bluu lisimuliwe. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu watoto walikuwa wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Huyu alipita kwenye mlango huo huo na bado alituponyoka. Alihitaji mtu wa kumshika mkono amrudishe kwenye silabi, sisi tukamfunga utepe. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hatasomewa na mtu. Wala dawa ya mwanawe, wala mkataba wa kiwanja.

Mama yake anakaanga viazi karai Ngamiani, hapa mjini Tanga. Nilimfuata jioni ile ile. Akanikaribisha kwa furaha, akaniambia, "Mwalimu, nimeelewa sasa. Kila usiku nilikuwa nambana aandike, kumbe namwonea tu mtoto wa watu. Nimemwacha." Nilikaa kwenye kile kigoda, nikashindwa kuanza. Mama ambaye hakuvuka darasa la nne alikuwa anafanya kazi yetu kila usiku kwenye mwanga wa kibatari cha biashara yake, na sisi tukampelekea habari kwamba aache.

Wanaosema hii ni sayansi, naomba tuzungumze. Neil Fleming wa New Zealand alitoa dodoso lake maarufu la mitindo ya kujifunza mwaka 1992: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, kutenda. Hakuwa peke yake. Watafiti wa Uingereza walipozihesabu nadharia za aina hii mwaka 2004 walizikuta 71. Wengine humtaja mwanasaikolojia wa Marekani Howard Gardner na nadharia yake ya akili nyingi ya mwaka 1983, naye mwenyewe amesema wazi kwamba akili nyingi na mitindo ya kujifunza ni vitu viwili. Kisha mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, wakauliza swali ambalo semina yetu haikuliuliza: ushahidi uko wapi? Kipimo walichotaka ni cha haki. Chukua wa macho na wa masikio, kila kundi ligawe nusu, nusu ifundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Nadharia ikiwa kweli, kila mtoto atafaulu zaidi kwa njia yake. Tafiti zilizojengwa hivyo walizikuta chache mno, na kati ya hizo kadhaa zilikataa.

Watoto wana wanavyopenda, hakuna anayebisha. Kupenda ni jambo moja, kuelewa ni jingine.

Kinachoamua njia ni jambo linalofundishwa. Ramani ya Tanzania haisimuliwi ikaeleweka, lazima itazamwe. Ushairi usioghanwa umekufa. Pembe ya nyuzi 60 haijulikani mpaka mkono ushike kipimapembe. Sisi wa pwani tuliopita chuo cha Kurani tunalijua hili kabla ya semina yoyote: mwalimu anagusa herufi kwa kijiti, unaitazama, unaitamka kwa sauti mpaka jirani anasikia, unaiandika kwenye ubao wako, unafuta, unaandika tena. Hakuna aliyeulizwa kama ni wa jicho au wa sikio.

Nitakubali moja, kwa shingo upande. Mwenzangu mmoja aliyefundisha miaka yote kwa chaki peke yake alitoka kwenye semina ile akaja darasani na kapu la machungwa ya Muheza kufundishia sehemu. Sijawahi kumwona na zana yoyote kabla ya hapo, na nilimshukuru mbele ya watoto. Shida ni kwamba machungwa na kisu walipewa wekundu tu. Kijani wakachorewa duara, bluu kule nyuma wakasimuliwa. Nikapita nikiuliza kila kundi, kipi kikubwa, theluthi au robo? Wekundu, maji ya chungwa yakiwachuruzika mpaka viwikoni, wakanijibu robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Kijani wakasema hivyo hivyo. Bluu pia.

Siku ya pili tuliazimana kipindi tukarudia kwa wote. Machungwa mawili ya ukubwa mmoja kwa kila dawati. Moja likakatwa vipande vitatu sawa, la pili vinne sawa. Shika kipande, kitaje kwa sauti, theluthi, kisha kiandike daftarini, 1/3. Shika kingine, robo, 1/4. Viweke vyote viwili juu ya maandishi yake. Binti mmoja wa utepe mwekundu alikitazama kipande, akaitazama tarakimu aliyoiandika, akasema polepole kama anayejisemea, "Kumbe wakizidi wa kugawana, kila mmoja anapata kidogo." Nimefundisha sehemu miaka kumi na moja na sijawahi kuieleza vizuri hivyo. Sentensi ile ilihitaji kipande, neno na tarakimu kwa pamoja. Ningemnyima kimoja kati ya hivyo kwa sababu ya rangi ya utepe wake, asingefika.

Mtoto mwenye uoni hafifu akae mbele na aandikiwe kwa herufi kubwa, asiyesikia apate lugha ya alama. Hiyo ni haki yao na haihusiani na fomu hii. Njaa ya saa tano inazuia kujifunza kuliko mtindo wowote, wazazi mliokuwa mnachangia uji mnajua. Na la kidato cha kwanza, mtoto anapoamka Januari akakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza, hilo nina makala yake.

Mkitaka kutofautisha watoto, anzeni kwa kujua nani anajua nini. Kila somo sasa nalianza na maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojikumbusha bila kitabu walibaki na mengi zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma. Kwangu mimi faida ni mbili, maana majibu yale ndiyo yanayonionyesha nimrudie nani na kwenye kitu gani.

Ijumaa niliwasikiliza wote 26 wa kundi la bluu wakisoma ukurasa mmoja wa darasa la pili. Kumi na tatu hawakuumaliza. Nilimpelekea mwalimu mkuu majina yale yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Akayasoma yote, akavua miwani, akaniambia, "Mwalimu, zifungue." Nilizifungua mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimweleza kwa nini.

Sasa mapumziko ya saa nne tunakutana chini ya mkungu, kumi na watatu na mimi. Mama wa viazi karai amerudia kumkalisha mwanawe usiku. Jana kijana aliifunika picha mwenyewe kwa kiganja chake, akasoma: m, mvu, mvuvi. Akanitazama. Nikamwambia aendelee, akaendelea hadi nukta, na kengele ikalia hajafunga kitabu. Tuko ukurasa wa tisa.