Beberu aliyejiona kwenye Crown

Mtu akikuambia anakaa Dodoma na ana gari jeusi, mpe pole kwanza, salamu baadaye. Upepo wa mwezi wa saba ukishaanza, unafuta gari asubuhi, saa nne vumbi limesharudi na jamaa zake. Gari jeupe lina siri. Jeusi linakutangaza mtaa mzima.

Toyota Crown yangu, nyeusi, ilikuwa na mtihani wa ziada: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayeishi naye hapa Nkuhungu. Kijana anajituma, usimkosee heshima. Kila alfajiri alikuwa analifuta gari kwa kipande cha kanga. Kikavu! Vumbi letu lina mchanga ndani yake, kwa hiyo miezi yote hiyo alikuwa analipiga msasa kwa upendo. Jua likigonga boneti unaona vikwaruzo vimejizungusha mduara juu ya mduara.

Basi mdogo wa mke wangu akapata mchumba, kamati ya harusi ikakaa, na mimi nikasoma kwenye grupu la WhatsApp kwamba gari la bibi harusi ni langu. Hongera kwangu.

Jirani akasema nipake dawa ya meno. Baba mkwe akapiga simu kutoka Mpwapwa kupendekeza mafuta ya taa. Nikaona nimwite fundi.

Fundi akapitisha ukucha juu ya boneti, taratibu, kama daktari anayetafuta mshipa. "Bosi, ukucha haukwami. Hii imeishia kwenye klia, inatoka. Ungekwama, ningekuelekeza kwa mpiga rangi." Klia ndiyo lile koti la juu lisilo na rangi, na mara nyingi ni jembamba kuliko unywele wako. Kupolish ni kulipunguza kidogo hadi kikwaruzo kikose pa kukaa. Mashine ikizubaa mahali pamoja, hasa kwenye kingo, inakula mpaka rangi yenyewe. Ndiyo maana aliziba kingo zote kwa tepu kabla hajawasha kitu.

Aliosha kwa ndoo mbili, moja ya povu na nyingine ya kusuuzia kitambaa ili mchanga ubaki humo. Akalisogeza chini ya mwarobaini, maana bati likiwa la moto kompaundi, ile dawa ya kusugulia vikwaruzo, inakauka kabla haijafanya kazi. Kisha kompaundi, akabadilisha sponji, akamalizia na polish laini. Kufika saa kumi nilijitazama kwenye mlango wa kulia nikagundua kinyozi wangu ananiibia.

Sasa, ilikuwa Jumamosi. Shemeji akatokea mnadani Msalato kwa bodaboda, amekumbatia beberu wa harusi, pembe zimemzidi dereva kimo. Akamfunga kwenye mwarobaini. Ule ule. Kamba ndefu, eti apumue.

Beberu akala majani mawili, akainua kichwa, akakutana na beberu mwenzake kwenye mlango wa Crown. Akapiga hatua, na yule akapiga hatua. Akakunja mdomo wa juu, na yule akakunja. Fundi alikuwa anazungusha waya wa mashine, mimi namhesabia hela. Tukasikia kwato zinakwaruza chini. Tulipogeuka, mnyama ameshasimama kwa miguu ya nyuma.

Puu!

"Shemeji, mshike!" Shemeji akashika mkia. Beberu akaona mwenzake bado yupo, tena sasa amepinda uso kwa dharau, kwa sababu bati lilikuwa limebonyea. Puu ya pili. Mke wangu akatoka na upawa, akakimbilia kuliziba gari kwa kitenge, na hapo ndipo ugomvi ulipoisha: mpinzani katoweka, beberu akarudi kwenye majani yake kifua mbele.

Nikamwambia fundi salio tutaongea. Akanitazama kwa uchungu wa kweli. "Bosi, mimi uliniita kazi gani? Ling'ae. Mbuzi kajiona au hajajiona?"

Nikalipa. Ungemjibu nini?

Siku ya harusi maua yote na riboni zikahamia mlango wa kulia, na mpiga picha akaambiwa upande ule asikanyage. Ukumbini nikapanga foleni ya chakula kwa hamu, sahani mkononi, nikamwambia mpakuaji mimi wali sihitaji, nyama nyingine sihitaji, nataka kichwa tu.

"Pole kaka," akasema. "Kichwa kilichukuliwa asubuhi. Shemeji yako kakinywea supu."