Toulouse 10, York 8: fainali ambayo aliyeshindwa naye alipanda

Oktoba 2025, katika uwanja wa York, Toulouse Olympique kutoka Ufaransa waliwafunga wenyeji York Knights 10-8. Hiyo ilikuwa fainali ya Championship, ligi daraja la pili ya raga ya wachezaji 13 huko Uingereza. York walikuwa wamemaliza msimu wakiwa kileleni. Muda si mrefu baadaye timu zote mbili zikapewa nafasi Super League, ligi ya daraja la juu, kwa msimu wa 2026, pamoja na Bradford Bulls ambao fainali hawakuifikia. Pointi mbili zile zilimpa Toulouse kombe, ila mlango wa kwenda juu haukufunguliwa nazo.

Nashikilia kwamba hilo ni kosa, na matokeo yenyewe ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwa nini. Lakini kwanza lazima tujue kuyasoma.

Msomaji aliyezoea raga ya 15 au ya 7, kama inavyochezwa Nairobi, asahau hesabu zake kidogo. Kwenye raga ya 13 trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ni pointi 4, mkwaju unaofuata trai ni 2, penalti ni 2 (si 3), na mkwaju wa mpira uliodondoshwa chini kisha kupigwa ni 1 tu. Kwa hiyo shambulizi moja likikamilika linaleta 6. Ukiongoza kwa 6 hujawa salama. Ukifika 7, mpinzani lazima aje mara mbili. Ndiyo maana nahodha anayeongoza kwa 6, dakika kumi zikiwa zimebaki, anaacha kutafuta trai na kuomba mpigaji achukue penalti, au hata ile pointi moja. Na ukiona timu imemaliza na namba witiri, jua mtu alidondosha mpira akaupiga. Klabu ya Leigh walichukua Challenge Cup, kombe la mtoano, mwaka 2023 kwa kuwafunga Hull KR 17-16 katika muda wa ziada, na ile 17 ilitokana na mkwaju wa namna hiyo wa Lachlan Lam.

Kuna kanuni nyingine inayoeleza vipigo vikubwa vya daraja la pili. Kwenye raga ya 7, timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha mpira kwenda kwa wapinzani. Katika misimu ninayoizungumzia hapa, kwenye raga ya 13 ilikuwa kinyume chake: aliyefungwa ndiye aliyeanzisha, yaani alimrudishia mpira yule yule aliyetoka kumfunga. Mshambuliaji anapata tena nafasi sita za kukabwa kabla ya kuuachia mpira, na mabeki wanaohema wanarudi kukaba. Sasa weka upande mmoja wachezaji wanaolipwa kufanya mazoezi mchana kutwa, na upande wa pili watu wanaotoka kazini jioni ndipo waende uwanjani. Trai mbili za haraka zinageuka tano, na mabadiliko manane ya wachezaji yanayoruhusiwa hayasaidii kitu ikiwa benchi lenyewe ni jembamba. Timu moja inaweza kuangamia ndani ya robo saa baada ya kucheza vizuri dakika hamsini.

Matokeo yake, tofauti ya pointi kwenye msimamo wa daraja hili inadanganya. Kabla ya kuiamini timu, mimi huondoa mechi zote zilizoisha kwa tofauti ya 30 na zaidi, kisha natazama zile za tofauti ya 12 kushuka chini dhidi ya timu sita bora. Hizo ndizo zinazofanana na mchujo, yaani mechi za mtoano za mwisho wa msimu. Timu iliyozoea kuongoza 40-6 haijui kukaa na mpira ikiongoza kwa 4, wala haijui nani apige teke la mwisho mpango ukiharibika.

Mfano wenye uchungu zaidi ni Featherstone Rovers. Huu ni mji mdogo wa West Yorkshire, uliowahi kuishi kwa makaa ya mawe, na timu yake ilitwaa Challenge Cup mwaka 1967, 1973 na 1983. Super League ilipoanza 1996 wao waliachwa nje. Tazama jinsi walivyobisha hodi. Mwaka 2019 walifika fainali wakafungwa na Toronto Wolfpack wa Kanada 24-6. Mwaka 2021 wakaenda Toulouse wakapigwa 34-12. Mwaka 2022, nusu fainali nyumbani kwao, Batley Bulldogs wakawatoa 32-28: trai moja na mkwaju wake ingewavusha. Mwaka 2023 waliongoza ligi, wakaingia nusu fainali moja kwa moja kwa haki ya waliomaliza nafasi mbili za juu, na nyumbani tena wakafungwa na London Broncos 36-26. London walikuwa wamemaliza wa tano.

Wapo wanaosema mfumo wa mchujo uliwadhulumu. Sikubaliani nao. Batley na London walikuja na wachezaji wenye kazi zao nyingine, wakashinda ugenini mbele ya mashabiki waliokuwa wanadai ubingwa kama deni. Kila mtu uwanjani alijua dau ni lipi. London wakaenda Toulouse wakashinda 18-14, wakapanda. Ni timu hiyo hiyo iliyokwenda Toronto mwaka 2018 na kurudi na ushindi wa 4-2, mechi nzima bila trai hata moja, penalti mbili kwa moja. Ukiona 4 ubaoni unaweza kudhani ni trai iliyokosewa mkwaju. Siku ile kila pointi ilitoka kwenye mguu wa mpigaji, na kosa moja la nidhamu lilikuwa na uzito wa msimu mzima.

Baada ya hapo ukaja mfumo wa alama wa kuamua nani acheze Super League, uliopendekezwa na kampuni ya masoko ya michezo ya IMG. Kila klabu hupimwa kwa alama 20: mashabiki 5, matokeo uwanjani 5, fedha 4.5, uwanja 3, na jamii inayoizunguka 2.5. Matokeo yanachukua robo tu, tena ni ya misimu mitatu, si ya msimu unaomalizika. Siku chache baada ya London kunyanyua kombe, orodha ya majaribio ikatoka, nao wakawekwa nafasi ya 24. Waliingia Super League ya 2024 wakijua kwamba hata wakikaza, hesabu iliwaelekeza chini.

Sidai kwamba wenye mfumo hawana hoja. Toulouse walipanda baada ya ushindi wa 2021, na 2022 wakamaliza mkiani. Fainali inachezwa Oktoba, Super League inaanza Februari, na wachezaji wazuri wameshasaini mikataba miezi mingi kabla. Klabu inapanda na kukuta soko limebaki makapi. Lakini ugonjwa huo ni wa kalenda. Leigh waliutibu kwa kuunda kikosi cha Super League wakiwa bado daraja la pili: wakawafunga Batley 44-12 katika fainali ya 2022, na Agosti iliyofuata wakawa Wembley wakishangilia ile 17-16. Wakefield Trinity walifanya hivyo hivyo 2024, wakaifunga Toulouse 36-0 kwenye fainali, na alama zao zikafika 15.09. Wao wangepanda kwa mfumo wowote ule.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kuwaachia wenye alama nafasi zote isipokuwa moja, na hiyo moja iwe ya bingwa wa daraja la pili bila mjadala. Fainali isogezwe hadi katikati ya Septemba. Bingwa apewe mgawo kamili wa fedha za televisheni siku anayopanda, na asishushwe kabla ya misimu miwili, ili awe na muda wa kusajili na kurekebisha uwanja wake. Kiwango cha chini cha usalama wa uwanja na hesabu safi za fedha kikaguliwe mwezi Machi, kila klabu ijue mapema kama inastahili kuligombea kombe hilo au la.

Kwa mpango huo, York wakiwa nyuma 10-8 nyumbani kwao, penalti ya kusawazisha ingekuwa na maana kwa kila aliyeketi jukwaani.